Breki Iliyokataa Kuachia: Safari Yangu ya Posa kutoka Nyanga hadi Muleba

Theonest, Gozbert na wenzangu wote tuliofyatua matofali ya shule pamoja,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Kalamu hii inavuja, na mnajua tangu zamani kwamba mistari yangu hupanda juu kama moshi hata nikijitahidi vipi. Pale nilipokosea herufi, someni kwa sauti, mtajua nilikusudia neno gani. Naandika polepole, kwa hiyo barua hii imenichukua jioni nyingi.

Mmeniuliza posa iliishaje, na kama ni kweli nilikwenda kuposa kwa miguu huku wazee wangu wakinifuata kwa gari. Ni kweli kidogo. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mmesikia vibaya, kama walivyosikia wao kule Muleba. Ngoja niwaeleze kituo kwa kituo.

Nyanga hadi Kanazi

Auleria mnamjua kwa maneno yangu. Ni yule mjukuu wa jirani yetu, aliyekuja Nyanga msimu wa kahawa kumwuguza bibi yake. Tulizungumza mara chache sana, na mara nyingi yeye ndiye aliyezungumza. Alipokuwa anarudi kwao Muleba aliniambia, "Kama una wazee, watume. Mimi sitakataa." Nilibaki nimeshika jembe mpaka jua likanichoma.

Wazee wangu walipotuma neno, baba yake, Mzee Rwechungura, alileta jibu kwamba tuje Jumamosi kabla ya jioni. Aliongeza kuwa kuna familia nyingine imekwisha kuulizia, nayo ni ya watu wenye shamba kubwa. Tusipofika siku hiyo ataelewa kwamba hatuna haja, na atawajibu wale wengine. Basi mnaona jinsi mambo yalivyokuwa.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa Baba mdogo Anaklet. Alifuatana naye Shangazi Domitila. Gari lilikuwa pikapu ya shemeji yangu Medard, ambaye pia ndiye aliyeendesha. Wao watatu walikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimevaa koti la marehemu baba.

Kabla hatujaondoka Baba mdogo alinipa maagizo.

"Proje, kwetu mposaji hasemi. Sisi ndio wa kusema. Ukiulizwa, niangalie mimi. Ukisalimiwa, inama, basi. Utaweza?"

"Nitaweza, Baba mdogo."

"Hiyo kazi mmempa mwenyewe," Medard alisema. "Huyu hata akikanyagwa haombi kuachiwa."

Walicheka, na mimi nikafurahi, maana kweli nilikuwa naogopa jambo moja tu, kusema mbele ya watu nisiowajua. Na jambo hilo nilikuwa nimekatazwa.

Hatukufika mbali kabla ya kuanza kusalimia watu. Ninyi wa huko kwingine mtashangaa, lakini kwetu gari la posa halipiti tu. Watu wanaliona limebeba vibuyu, wanaona Shangazi amevaa vizuri, wanatoka kwenye vibanja vyao vya migomba kuuliza wasafiri wanakwenda wapi. Ukipita bila kusimama, habari itafika kwa wakwe kabla yako kwamba wanakuja watu wenye majivuno. Na kusimama maana yake kuzima injini, kwa sababu kumsalimia mtu mzima huku gari linanguruma ni kama kumsalimia huku unatafuna. Kwa hiyo Medard alikuwa akizima injini, anavuta breki ya mkono kwa nguvu mpaka inalia krrr, halafu zinaanza salamu. Mmeamkaje? Nyumbani je? Migomba je? Yule mgonjwa je? Mnajua wenyewe.

Baada ya kusimama kwa mara ya pili nilianza kusikia kelele. Ilitoka chini yangu, upande wa kushoto nyuma. Kwanza ilikuwa kama mtu anayetikisa msumari ndani ya kopo. Kisha ikaja sauti ya kukwaruza, chuma kwa chuma, na pikapu ikawa nzito kama inavuta gogo. Baada ya mashimo kadhaa mkwaruzo ukapungua, ukabaki ule msumari kwenye kopo.

Nilitaka kugonga kioo niwaambie. Niliinua mkono mara mbili nikaushusha.

Wenyewe waliisikia tulipokaribia Kanazi. Baba mdogo alisema ni vibuyu vinavyogongana. Tukavishusha vyote kando ya barabara, Medard akaenda na gari tupu mpaka kwenye kona na kurudi. Kelele ilikuwa pale pale.

"Ni mzigo wa ndizi umekaa upande mmoja," Shangazi alisema.

"Shangazi, ndizi nazo zimeshushwa."

"Basi ni wewe Medard, unaendesha umekaa upande mmoja."

Wakati huo mama mmoja wa pale Kanazi alikwisha kutoka kwake, akaona vibuyu vimepangwa chini, akadhani tumefika. Alifikiri posa inakwenda kwa jirani yake! Alituletea maji ya kunawa, kisha ndizi za kupikwa na maharage, na alipoelezwa kwamba hatuishii pale alisema chakula hakirudi jikoni. Tulikula. Ndizi zilikuwa laini, zimeungwa kwa karanga, na sina la kulalamika. Lakini jua lilikuwa linapanda, na nilipomwangalia Baba mdogo akila taratibu, kila tonge nililimeza nikimfikiria Mzee Rwechungura.

Kanazi hadi Muhutwe

Baada ya Kanazi kelele ilirudi kwa nguvu. Sasa kulikuwa na harufu pia, kama kitambaa kinachoungua. Tulikwenda hivyo kipande kirefu, tukisimama kusalimia, tukiondoka, gari likilia. Tulipopita Kemondo upepo wa ziwa ulinijia usoni na harufu ikapotea. Nikajidanganya kwamba gari limepona.

Karibu na Muhutwe Medard alisimama mwenyewe bila kusimamishwa na mtu. Alishuka, akaweka kiganja kwenye gurudumu la kulia la nyuma. La kulia lilikuwa na joto la kawaida tu. Akaenda la kushoto, akagusa pale katikati penye chuma, akaruka.

"Linaunguza!"

"Ni beringi," Baba mdogo alisema. Baba mdogo hana gari, lakini aliwahi kufanya kazi mahali penye magari.

"Inaweza kuwa beringi," Medard alisema, na uso wake ukawa wa mtu anayeomba isiwe. "Kama ni beringi, Mzee, leo hatufiki. Gurudumu linaweza hata kuchomoka."

Shangazi alishika kile kifurushi cha kahawa ya kutafuna alichokuwa amekipakata tangu Nyanga, ile ya kuwapa wakwe, akakibana kifuani. Mimi nilitazama jua.

Pale Muhutwe kuna fundi anayefanyia kazi kando ya barabara, chini ya paa la mabati. Ni mtu mwenye kelele na mzaha mwingi, wanamwita Boksa kwa sababu ya mikono yake. Alipotuona alianza kupiga makofi.

"Karibuni, wakwe! Mmeniletea ndizi zote hizi? Binti yangu ana miaka minne, mtangoja?"

"Tutangoja wewe ukifa," Shangazi alimjibu, "maana hatutaki mkwe mwenye mdomo."

Boksa alicheka mpaka akashika jeki. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akamwambia Medard aachie breki ya mkono, akainua upande wa nyuma. Nilisogea karibu, kwa kuwa nilitaka kujua kama nitaoa au sitaoa, na jibu lilikuwa mle ndani ya gurudumu.

Kwanza alishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. "Beringi nzima," alisema. "Beringi ikifa, gurudumu linatikisika kama jino bovu." Kisha akalizungusha kwa mkono. Liligoma, likazunguka nusu na kusimama, na ndani kukasikika ule msumari kwenye kopo. Akazungusha la kulia, nalo likaenda lenyewe mara kadhaa bila sauti.

"Umeachia breki ya mkono?" aliuliza.

"Nimeachia."

"Wewe umeachia. Yenyewe haijaachia."

Alifungua nati, akatoa gurudumu, kisha akaigonga ile ngoma ya breki kidogo kidogo kwa nyundo mpaka ikatoka. Ndani mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Ukivuta breki, vinatanuka na kuibana ngoma. Ukiachia, springi inavirudisha. Pale chini palianguka kipande cha springi iliyokatika, kimeng'arishwa kwa kuzungushwazungushwa.

"Huyu ndiye mwenye kelele," Boksa alisema akinipa nikishike. "Lakini huyu siye anayeshika gurudumu. Anayeshika ni waya."

Waya wa breki ya mkono unapita ndani ya bomba jembamba. Boksa aliuvuta kwa koleo, akauachia, nao ukabaki pale pale ulipovutwa. Alimwuliza Medard gari lilikuwa limekaa wapi.

Hapo Medard akaeleza. Baba yake mzazi alifariki mwanzoni mwa mvua. Siku zote za msiba hakuna aliyeshika jembe wala kazi yoyote nyumbani kwao, na pikapu nayo ilisimama kwenye kibanja, chini ya migomba, breki imevutwa, matone yakidondoka juu yake usiku na mchana. Siku alipoiondoa ilikuwa imeganda. Aliing'oa kwa kuivuta kwa nguvu za injini.

"Hapo ndipo springi ilipokatika," Boksa alisema, sasa bila mzaha. "Na waya umeshika kutu. Pole kwa baba."

Springi mpya hakuwa nayo, na wote mnajua vipuri siku hizi vinavyopatikana kwa shida. Alikata springi ya kiti kibovu cha baiskeli, akaikunja mpaka ikaenea. Waya aliutia mafuta, akaugonga gonga ukarudi. Alipolizungusha gurudumu lilikwenda kimya. Mimi nilijikuta ninatabasamu, na Boksa akaniona.

"Huyu ndiye bwana harusi? Anacheka na gurudumu! Sikilizeni. Breki za mguu ni nzima, mtashuka mlima salama. Lakini breki ya mkono msiiguse mpaka mrudi. Mkivuta, itashika, na mimi siko huko juu."

"Tumesikia," Medard alisema.

Kupanda Kamachumu

Kutoka Muhutwe barabara inaacha nyanda za ziwa na kupanda. Ni mlima wa kweli, na siku ile udongo ulikuwa mbichi kwa mvua ya jana yake. Pikapu ilikwenda vizuri, bila kelele, na Baba mdogo alianza kujaribu hotuba yake ya posa kwa sauti. Niliisikia yote kupitia dirisha. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ndefu.

Kwenye kona ya kwanza alisimama mzee na wajukuu zake. Medard alisimama, akazima, mkono wake ukashuka, krrr.

Niliusikia mlio ule nikajua. Salamu zilipokwisha, gari likakataa kupanda. Lilinguruma, likateleza kidogo, harufu ikaja. Medard alishuka, akaingia chini kwa tumbo katika shati lake jeupe, akagonga kwa nyundo mpaka waya ukarudi.

"Nilisahau," alisema akitoka. "Ni mkono tu. Mkono umezoea."

Kona iliyofuata walikuwepo akina mama watatu. Safari hii Medard alikumbuka, akakanyaga breki ya mguu. Lakini ilibidi azime injini kwa heshima, na ilipofika wakati wa kuondoka kwenye mwinuko ule, na mzigo ule, gari lilirudi nyuma. Niliruka nikaweka jiwe. Jiwe likateleza kwenye matope. Shangazi akapiga ukelele, na Medard kwa hofu akavuta breki ya mkono. Krrr. Akaingia tena chini.

Wakati anagonga, Shangazi alivua mtandio wake akaufunga kwenye ile breki ya mkono, mafundo juu ya mafundo, ili mtu asiweze kuishika. "Sasa tuone," alisema. Lakini hata hivyo nilikuwa nimeona jambo ambalo wao waliokaa mbele hawakuliona. Tangu asubuhi kazi yangu ilikuwa kusikiliza tu. Kila kelele ilipoanza, ilianza baada ya salamu. Si mzigo, wala barabara. Kilichokuwa kikitushika ni adabu yetu. Tukisimama, gari linashika. Tusiposimama, tunaonekana watu wabaya. Na mbele yetu mlima mzima ulikuwa na nyumba.

Nilisimama kando ya dirisha la Baba mdogo.

"Baba mdogo," nilisema, "gari lisisimame. Liende polepole. Mimi nitashuka nitembee mbele, niwasalimie watu kwa niaba yenu."

Alinitazama kama vile kibuyu kimesema.

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Mposaji asalimie barabara nzima? Nani ameona hivyo?"

"Na nani ameona posa inayolala mlimani?" Shangazi alidakia. "Mwache mtoto ashuke."

Baba mdogo aliangalia jua, akaangalia matope ya Medard, akanyamaza. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Basi nilitembea. Pikapu ilinifuata nyuma kwa gia ya kwanza, ikinguruma kama ng'ombe mwenye hasira, na mimi mbele nimevaa koti la baba, suruali imepandishwa. Mtu wa kwanza alikuwa mzee aliyekuwa anaanua kahawa. Niliinama, nikamsalimia kwa Kihaya, sauti ikatoka nyembamba. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia, huku nikirudi nyuma-nyuma ili gari lisinipite.

"Mbona gari lenu halisimami?"

"Lina ugonjwa, waitu," nilimwita kwa heshima ya kwetu. "Likisimama haliamki."

"Mpeni pole," alisema, akalipungia mkono kana kwamba ni mgonjwa kweli.

Mtu wa pili alikuwa rahisi kuliko wa kwanza. Mama mmoja alinipa ndizi mbivu huku nikitembea. Mwingine alitembea nami kipande, akinieleza habari za mwanawe aliye jeshini, na nikamjibu, na alipoachana nami nilitambua kwamba nilikuwa nimezungumza kwa muda wote huo bila kutazama chini. Sijui niwaelezeje. Ninyi mnanijua, mnajua hata pale kambini kwenye matofali niliona heri kukosa chumvi kuliko kuomba. Lakini mtu akiwa na sababu inayonguruma nyuma yake, maneno hutoka.

Pale Kamachumu ilikuwa siku ya gulio. Nilisalimia gulio zima. Watu waliacha biashara zao kutazama. Kijana kwa miguu, wazee garini, na gari halisimami. Kuna mtu mmoja mwenye baiskeli iliyofungwa mkungu wa ndizi aliuliza, "Mmemfukuza garini?" Baba mdogo, aliyekuwa na hasira ya aibu, alitazama mbele tu bila kumjibu. Yule mtu akapanda baiskeli yake akatupita, akishika njia ya Muleba.

Kutomjibu ndilo kosa letu. Tulilijua baadaye.

Kushuka Muleba

Njia ya kushuka nilipanda nyuma penye pori, nikishuka penye nyumba. Breki za mguu zilikuwa nzima kama Boksa alivyosema, na mtandio wa Shangazi ulikaa mahali pake. Mvua ndogo ilitunyeshea, ikaacha. Rubisi ilikuwa imetikisika sana, na kibuyu kimoja kilitoa povu mdomoni, nikakifuta kwa kiganja nikaonja. Ilikuwa bado tamu. Nilifurahi peke yangu huko nyuma. Nilijua tutafika kabla ya jioni, na nilijiambia kwamba gumu limekwisha.

Nyumba ya Mzee Rwechungura iko pembeni kidogo ya Muleba, kwenye kibanja kilichotunzwa. Tulipokaribia niliona vijana wawili wanatoka nyumbani wakiwa wamebeba nyasi. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mpya sebuleni. Hawa hawakuwa wanaingiza. Walikuwa wanatoa.

Medard alisimama uani, ardhi tambarare, hakuna aliyevuta chochote. Mzee Rwechungura alitoka mlangoni. Ni mtu mfupi, mpana, mikono kama ya mbeba magunia. Alitusalimia vizuri, lakini hakusema karibuni ndani.

"Mmekuja kutuaga?" aliuliza.

Baba mdogo alipigwa na bumbuazi. "Kuaga? Tumekuja kwa lile neno letu, waitu."

"Habari zimefika kabla yenu. Mtu wa ndizi kapita hapa. Anasema kijana kagombana na wazee wake njiani. Mkamshusha, akawa anatembea analia barabara nzima, akiwaomba watu wamwombee msamaha, na ninyi mkakataa kusimama. Ameona kwa macho yake Kamachumu." Alivuta pumzi. "Mimi siwezi kumpeleka mtoto wangu kwenye nyumba isiyomtaka hata mtoto wake. Nimekwisha kumtuma mtu apeleke jibu kwa wale wengine."

Baba mdogo alifungua mdomo. Ile hotuba yote ya mlimani ilikuwa imemtoka. Alisema tu, "Hapana, hapana," na kila aliposema hapana ilionekana kama ndiyo. Medard alikuwa na matope kuanzia kidevuni hadi magotini, na yeye pia alionekana kama mtu aliyetoka kupigana. Shangazi alianza kusema, Mzee akamwinulia kiganja kwa upole.

Kwenye dirisha la jikoni nilimwona Auleria. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja jibu.

Nikasema, "Baba, mimi sikufukuzwa."

Kila mtu aligeuka, hata Baba mdogo.

"Nilishuka mwenyewe. Gari hili lina breki ya mkono inayoshika. Ikivutwa hairudi. Tukisimama kuwasalimia watu wako, inatubidi tuivute, na tukiivuta hatufiki kwako. Nikaona nisalimie mimi, ili tusiwapite watu kama wasio na adabu, na ili tufike leo kama ulivyosema. Sikuwa nalia, Baba. Nilikuwa nasalimia."

Mzee Rwechungura alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama pikapu.

"Breki ya mkono ndiyo ipi?"

Medard alimwonyesha. Mzee alichungulia dirishani, akauona mtandio.

"Na hiki nini?"

"Ni mimi nimeifunga," Shangazi alisema, "kama mbuzi mharibifu."

Nadhani hapo ndipo alipokaribia kucheka. Lakini ni mtu wa kuhakikisha mambo. Aliingia mwenyewe kwenye kiti cha dereva, akafungua mafundo ya Shangazi moja moja, kwa subira, akakunja mtandio vizuri na kumrudishia. Kisha, kabla Medard hajasema neno, akaishika ile breki kwa mikono yake ile akaivuta. Krrr! Sijawahi kusikia krrr kama ile.

"Sasa naachia," alisema. Akaachia. "Sukumeni."

Tulisukuma wote, wale vijana wa nyasi wakatusaidia. Gari halikusogea hata kidole. Mzee alishuka, akazunguka nyuma, akasukuma na yeye. Akapiga gurudumu la kushoto teke. Halikusogea.

"Ni kweli," alisema polepole. "Haliachii."

"Haliachii," Baba mdogo alisema, sauti imemrudia.

"Kwa hiyo hamwezi kuondoka."

"Hatuwezi, waitu. Umetufunga mwenyewe."

Hapo Mzee Rwechungura alicheka. Alicheka ameshika kingo ya pikapu, mpaka watu wakatoka nyumba za jirani. Medard alijitolea kuingia chini kugonga, na kweli aliingia. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia jinsi alivyogonga. Alikuwa anagonga taratibu, kama mtu anayepiga hodi.

"Imekataa," alisema kutoka kule chini. "Labda kesho."

"Basi mnangoja nini?" Mzee aliwageukia wale vijana. "Rudisheni nyasi! Na yule niliyemtuma, mkimbilieni arudi, mwambieni hakuna jibu la kupeleka."

Nyasi zikarudi ndani, bado zinanukia. Shangazi akafungua kifurushi chake, na Mzee akachukua kahawa, akatafuna, akampa mkewe. Baba mdogo akatoa hotuba yake yote bila kuruka hata neno, na hakuna aliyemharakisha, maana hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Auleria alipopita na ndizi, alipiga magoti mbele ya wageni kama desturi, na alipofika kwangu alisema kwa sauti ya chini, "Sasa utakuwa unanisumbua kwa maneno." Nilikuwa nimemaliza maneno yangu ya siku ile.

Wamekubali. Sasa tupo katika mipango ya mahari, ambayo nitawaachia wazee, na harusi itakuwa baada ya mavuno ya kahawa.

Ninyi nanyi niandikieni. Theonest, niambie kama mguu wako umepona na kama ile nyumba ya mwalimu imepata paa. Gozbert, andika hata mistari michache, hata kwa penseli, nami nitasoma polepole kama ninavyoandika. Zaidi ya yote niambieni kama mtaweza kuja, ili Shangazi ajue apike kwa ajili ya watu wangapi.

Ni mimi rafiki yenu,
Projestus, Nyanga